Nina miaka 43 na nimependa viatu vya magurudumu: naomba ushauri

Mwalimu wa Umoja:
Hamjambo wote. Jumapili mbili zilizopita nilimpeleka binti yangu Uhuru Park, Nairobi, kupunga hewa, nikakuta vijana pamoja na watu wazima wachache wakiteleza kwa viatu vya magurudumu, mmoja wao akienda kinyumenyume huku amemshika mikono mtoto anayejifunza. Kijana mmoja alinikopesha viatu vyake na kunishika kiwiko, nikazunguka mara mbili kabla ya kuanguka, na tangu siku hiyo akili yangu haijatulia. (Nilipomwambia mume wangu kwamba nataka kununua sketi, yaani viatu hivyo, aliniuliza kama zile za kabatini zimenibana.)

Nimenunua viatu vya mtumba kwa shilingi 2,800, vyenye magurudumu manne katika mstari mmoja. Gurudumu moja linakwama, na saizi imenizidi ingawa muuzaji aliniapia kwamba vitanikaa. Je, nivitengeneze au nivirudishe? Na wale vijana wanaonifundisha bure, niwashukuru vipi bila kuwavunjia heshima?

Fundi Beringi:
Mwalimu, gurudumu ni jambo dogo. Saizi ndiyo kasoro. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, kifundo cha mguu hukosa mhimili, na soksi mbili haziwezi kuponya hilo, kwa hiyo rudi ukabadilishiwe. Gurudumu linalokwama mara nyingi lina beringi (pete ya chuma yenye gololi inayolizungusha) iliyoingia vumbi au kutu. Beringi zake huwa ni za namba 608, zenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha milimita 22, nazo hutumika katika mashine nyingi, hivyo usikubali kuuziwa kama dhahabu. Soma pia ugumu ulioandikwa kwenye gurudumu: 78A ni laini na hupunguza mtikisiko wa lami, ilhali 95A hufaa sakafu ya ndani.

Mama wa Kayole:
Mimi ningemshauri achukue vile vya magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, kwa kuwa mtu husimama imara hata akiwa hajui lolote. Vipande vya mpira vilivyo chini ya kiatu hukiwezesha kupinda unapoegemea upande mmoja, ubunifu ambao James Plimpton wa New York aliusajili mwaka 1863, na hadi leo haujapitwa.

Fundi Beringi:
Ni kweli, mama, lakini Plimpton hakuwahi kuteleza juu ya lami yetu yenye nyufa. Gurudumu la milimita 80 huvuka ufa ambao gurudumu dogo hunasa.

Muuguzi wa Zamu:
Mnabishana kuhusu magurudumu na hakuna aliyetaja mikono! Mtu anayeanguka hutanguliza kiganja bila kufikiri, na hapo ndipo mfupa wa karibu na kifundo cha mkono huvunjika. Dada, nunua vikinga vya mikono na vya magoti pamoja na helmeti kabla ya kitu kingine chochote. Kisha jizoeze kuanguka ukiwa kwenye nyasi: kunja magoti, jishushe mbele, utue juu ya vikinga vya magoti. Anayeteleza akiwa amenyoosha miguu huangukia mgongo, na anguko hilo ndilo baya zaidi.

Mzee wa Magurudumu:
Fedha usiwape mkononi, kwani wengi wao watazikataa. Njoo na maji ya kunywa na plasta za vidonda, na wiki zijazo akija mgeni, mshike kiwiko kama ulivyoshikwa. Zunguka upande wanaozungukia wenzako, usisimame ghafla katikati ya njia, na ukiona kijana ameshikilia nyuma ya matatu ili avutwe, usimshangilie hata kidogo. Tumekwisha kuwazika wenzetu kwa mchezo huo.

Mwalimu wa Umoja:
Ahsanteni sana. Viatu nimebadilishiwa leo baada ya mabishano ya nusu saa, na nimeongeza shilingi 400. Vikinga vya mikono vilivyobaki dukani ni vya rangi ya waridi vyenye picha za vipepeo, na binti yangu amekataa katakata kuonekana nami. Jumapili nitakuja na plasta.