Saa ya urithi: niichore jina mgongoni au niiache ilivyo?

BabaZuwena (Fuoni)

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nina jambo ambalo wengine watalihesabu dogo, lakini mie wiki ya tatu hii linanikosesha usingizi.

Nilikwenda Muscat mwaka 2006, Zuwena ana miaka mitatu na Khamis bado yumo tumboni mwa mama yake. Nimerudi moja kwa moja mwaka 2024. Miaka 18. Hapo katikati nilikuwa nikija likizo mwezi mmoja, narudi. Mtoto wa tatu, Bakari, mpaka anafika miaka sita alikuwa akiniita "baba wa kwenye simu". Kiinua mgongo nilichopewa kazini kimemaliza nyumba, kimempeleka mama Umra, na kwa fungu lililobaki nikanunua saa kabla sijapanda ndege: Rolex Datejust, chuma kitupu, milimita 36, uso mweupe. Sijapata kujinunulia kitu cha thamani maishani mwangu isipokuwa hicho.

Nia yangu iwe saa ya ukoo. Kwetu majina yanazunguka: mimi ni Juma wa Khamis wa Juma, mwanangu ni Khamis, na inshallah akijaaliwa wa kiume atakuwa Juma. Nikawaza mgongoni pachorwe "Juma Khamis". Kila baada ya kizazi kimoja atapatikana mwenye jina lile lile, somo avae saa ya somo yake. Mgongo wenyewe mtupu, hauna hata herufi moja. Kila nikiugeuza nauona kama karatasi inayosubiri.

Shemeji yangu ananambia nikiichora nimeiharibu. Sonara niliyemuuliza Mkunazini anasema nimwachie tu saa, kuchora ni kazi ya nusu saa. Mke wangu hataki kusikia habari za kuchora. Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kufanya.

Kijana_wa_Malindi

Shikamoo mzee wangu. Mie nanunua na kuuza saa zilizokwisha kuvaliwa, nikwambie hali ya soko. Jina la mtu asiyejulikana linashusha bei, kwa sababu anayenunua anataka saa iwe yake, hataki kuvaa ya Juma. Linalopandisha bei ni jina la mtu maarufu. Paul Newman, mcheza sinema wa Marekani, alikuwa akishindana mbio za magari. Mkewe, Joanne Woodward, akamnunulia Rolex Daytona na kumchorea mgongoni "DRIVE CAREFULLY ME", yaani endesha kwa uangalifu, ni mimi nasema. Mwaka 2017 saa ile ilipigwa mnada New York ikapita dola milioni 17. Maneno yale matatu yalikuwa ushahidi kwamba saa ni yake kweli.

Sasa nakuuliza: unanuia iuzwe? Kama haiuzwi, bei ya soko inakuhusu nini?

BabaZuwena

Marahaba mwanangu. Mie siuzi. Lakini siwezi kumsemea mjukuu ambaye hajazaliwa. Huenda siku moja mtoto wake akalazwa hospitali na saa ndiyo akiba pekee iliyomo ndani. Sitaki jina langu limpunguzie dawa.

BintiWete

Kaka Juma, mie nasema chora, na sababu yangu iko jikoni.

Marehemu bibi yangu kule Wete alikuwa na masufuria makubwa ya shughuli. Mnajua desturi yetu: harusi ikija mtaani vyombo vinaazimwa nyumba hadi nyumba, na mwisho wa shughuli havijulikani vya nani. Basi bibi akachukua msumari na nyundo, akagonga jina lake kwenye ukingo, kitone kimoja kimoja. Herufi zimepinda, moja imegeuzwa nyuma mbele maana shule hakwenda, alijifunza kwa kuangalia madaftari ya watoto. Alipofariki, mashangazi waligawana vyombo nami nikapata sufuria moja. Haipiki tena, tako limetoboka. Lakini kila nikiipangusa vumbi kidole gumba kinapita juu ya vile vitone, na ile herufi iliyogeuka naijua hata gizani.

Sufuria ile bila jina ingekuwa chuma chakavu, tungeshaiuza kwa kilo. Hiyo saa yako bila kitu mgongoni ni nzuri, lakini ziko nyingi zinazofanana nayo.

FundiSaa_Darajani

Waalaykum salaam. Nimekaa kwenye meza ya saa tangu nikiwa mwanafunzi wa marehemu baba, kwa hiyo nitasema ya kazi tu. Uamuzi ni wako.

Usimwachie sonara saa nzima. Nasisitiza hapo. Mgongo wa saa hiyo unafunguliwa kwa kuzungushwa, na una meno ukingoni yanayotaka ufunguo wake maalumu. Ukibanwa kwa koleo unakwaruzika na haurudi kama ulivyokuwa. Anayechora apewe mgongo peke yake, mashine ya saa ibaki imefunikwa kwangu au kwa fundi mwengine unayemwamini. Mtetemo wa kuchora na unga wa chuma haviingii pamoja na gurudumu lililo jembamba kama unywele.

Halafu kuna raba. Chini ya mgongo imo raba nyembamba inayozuia maji. Saa hiyo imetengenezwa kuhimili mita 100, lakini ikifungwa vibaya hata udhu unaipenya. Nimefungua saa nyingi za wavuvi na wapiga mbizi, ndani mna kutu kama ya nanga. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Baada ya kuifunga lazima ipimwe kwa mashine ya shinikizo. Mashine hiyo mie sina, ukweli ndio huo, kwa hiyo usikubali mtu akwambie "imekaa sawa" kwa kuipulizia mdomo.

Kuhusu chuma: mafundi wetu wa dhahabu ni hodari, nakshi zao nazijua, lakini mkono wao umezoea dhahabu na fedha, vitu laini. Rolex hutumia chuma wanachokiita 904L, wakati saa nyingi nyengine za chuma ni 316L. Vyote viwili ni vigumu kwa kalamu ya sonara. Ikiteleza mara moja tu, mstari unakwenda pasipotakiwa na kufutika haufutiki. Leza inachora safi, lakini kuna leza ya juu juu inayoacha weusi tu, na weusi ule unasagika kwa jasho la mkono baada ya miaka. Ukiamua leza, uliza kina, na uguse kwa ukucha. Ukucha usipokwama, hapo hapana kitu.

Na waranti. Saa mpya za kampuni hiyo zina miaka mitano. Saa ikichezewa na mtu asiye wao, waranti inaweza kufa. Mie ningengoja hiyo mitano ipite.

Nahodha_Mstaafu

Haya anayosema fundi yamenifika mimi. Baba alikuwa na Omega ya kutia ufunguo, aliinunua Aden enzi za bandari, na mwenzake wa melini akamchorea mgongoni jina na mwaka kwa mkono. Mwandiko wa yule rafiki, baba alikuwa akiusifu kila siku. Nikaipeleka dukani kubadilishwa kioo, kioo tu. Niliporejea kuichukua, inang'aa kama mpya. Walikuwa wameipiga polishi bila kuniuliza, eti zawadi. Herufi zimebaki kivuli. Nikiinamisha kwenye taa naona mkia wa herufi moja na nusu ya tarakimu 6, basi. Baba alikuwa hai bado. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia bila kusema neno, na mimi mpaka leo sijajua la kumwambia.

Ukichora, ndugu yangu, chora kwa kina, na kila inapokwenda kwa fundi andika kwenye karatasi: isipigwe polishi.

Mtoto_wa_Hurumzi

Ya Muscat hiyo, haina khanjari usoni? Zipo Rolex zilizoagizwa na Sultan Qaboos kwa ajili ya kutunukia watu, zina nembo ya Oman. Hizo ukizipata usiziguse hata kwa kitambaa cha kanzu.

BabaZuwena

Haina ndugu yangu, ya dukani ya kawaida. Nahodha, pole sana. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Ustadh_Kiembesamaki

Ndugu yangu Juma, umefanya vyema kuchukua chuma, maana dhahabu kwetu wanaume haifai. Nami nina mambo mawili.

Kuchora jina katika kitu cha kuvaa si ajabu katika dini. Pete ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ilikuwa ya fedha na imechorwa mistari mitatu: Muhammad, Rasuli, Allah. Ilikuwa muhuri wake wa barua. Baada yake ikavaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, na mkononi mwa Uthman ikaanguka katika kisima cha Aris. Walitafuta siku tatu, wakakausha maji, haikuonekana. Wewe usiandike aya wala jina la Mwenyezi Mungu, kwa sababu saa unaingia nayo chooni, na wanazuoni wamelichukia hilo.

La pili ni zito kuliko kuchora. Umesema "saa ya ukoo", na nia yako aipate Khamis. Kisheria, siku ukifariki saa hiyo ni tereka. Inaingia katika mirathi pamoja na nyumba na baiskeli. Mkeo ana thumni yake, yaani moja ya nane, mama akiwa hai ana sudusi yake, yaani moja ya sita, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Jina mgongoni halibadilishi kitu, na wala Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wanaogawa mirathi hapa Zanzibar, hawataangalia mgongo wa saa. Ukitaka iwe ya mtu fulani, mpe ukiwa hai, kwa hiba, na umkabidhi mkononi. Ukisema "nimempa" huku unaendelea kuivaa mwenyewe mpaka kaburini, hujampa.

UmmuSalma

Ustadh kasema, nami niongeze lililonikaa kooni tangu mwanzo wa uzi. Baba Zuwena, wewe mwenyewe unajiita kwa jina la binti yako. Yeye ndiye aliyekuwa na miaka mitatu ulipoondoka, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia mama yake wadogo zake. Katika habari yote ya somo na somo sikumwona. Jina lako linazunguka kwa wanaume tu, na ukilichonga pale, Zuwena atakuwa ametolewa nje ya ukoo kwa kalamu ya chuma. Mtume alimwambia baba yake Nu'man bin Bashir awafanyie watoto wake uadilifu alipotaka kumpa mmoja tu. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

BabaZuwena

Hujavuka mpaka, Ummu Salma. Nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu yako.

Juzi baada ya isha niliwaita wote watatu barazani, nikaiweka saa juu ya mkeka, nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Khamis akasema yeye saa haivai, anaangalia kwenye simu, lakini kama ni ya ukoo ataitunza. Bakari akauliza bei, nikamnyamazisha.

Zuwena akaichukua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ule mgongo mtupu. Akaniuliza, "Baba, hii umeinunua kwa nini?" Nikamwambia kwa pesa ya kiinua mgongo. Akasema, "Basi andika hiyo miaka. 2006 mpaka 2024. Jina lako tunalijua. Hiyo miaka ndiyo watoto wetu hawataijua."

Niliondoka barazani nikaenda uani kujifanya nafunga mfereji.

Kwa hiyo jina silichori. Patachorwa "Muscat 2006–2024", herufi ndogo, karibu na ukingo, katikati pabaki peupe. Mjukuu wangu akitaka kuongeza lake, pana nafasi. Akilazimika kuuza, naona mji na miaka havitamwudhi mnunuzi kama jina la mtu. Mke wangu ameridhia, kwa sharti sonara asiione kabla fundi hajaifungua.

La hiba bado nakwenda kuliuliza vizuri. Zuwena anataka iwe yao watatu kwa pamoja, wavae kwa zamu. Mie sijui kama hilo linasimama, na watoto wa leo ndugu, kesho wana wake na waume zao. Ustadh, ukinielekeza nitashukuru.

Fundi, waranti sitaingoja. Najua umeshauri vingine. Nina miaka 58 na presha, miaka mitano ni mingi.

FundiSaa_Darajani

Nimekufahamu, na ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Basi njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali na vumbi halijaamka. Nitaufungua mimi mwenyewe, mgongo nautia kwenye mfuko, unakwenda nao. Kwanza mwambie mchoraji aandike maneno hayo hayo kwenye kipande cha chuma kibovu, si shaba, uone mkono wake. Namba ya saa iko ndani ya ukingo chini ya kioo, penye 6. Hiyo isiguswe, na uinakili, uiweke nyumbani pamoja na kadi ya waranti.

Jambo moja zaidi. Sisi mafundi tukifungua saa huwa tunakwaruza alama ndogo upande wa ndani wa mgongo, tarehe na herufi ya fundi, ili anayekuja baadaye ajue. Nimeona saa zenye alama za mafundi wanne watano, wengine wamekwisha kufa. Ukiniruhusu nitatia yangu.

BabaZuwena

Tia. Na Zuwena anakuja nami.