Mchoraji nimekwama, naombeni ushauri: wazo la picha mpya mnalitoa wapi?

Brashi_Shangani: Habarini wakuu. Nipo Mtwara mjini, mwaka wa saba huu nachora. Picha zinazonilisha ni zilezile: Wamasai watatu na mikuki, tembo, Kilimanjaro kwa nyuma. Kilimanjaro kwenyewe sijawahi kufika, natoa kwenye simu, nauza. Mwezi uliopita nimekaa siku nne mbele ya turubai tupu. Nikishika brashi, mkono unarudi kwa tembo. Nataka kuchora kwetu. Naanzia wapi?

Mchonga_Newala: Pole kaka. Mimi nachonga, sichori. Gogo la mpingo likiletwa silishiki siku hiyo. Linakaa uani, nalizunguka asubuhi na jioni, naangalia lilipopinda. Ukilimenya unakutana na ukanda mweupe, weusi uko ndani yake, na mpaka wa rangi hizo mbili haunyooki. Sura naipata hapo hapo kwenye mpaka. Wewe unaanza na picha ambayo mwenzio kashaimaliza, mkono utapata wapi kazi? Hata George Lilanga, yule mchoraji mzaliwa wa Masasi, alianza na kuchonga. Mashetani ya kwenye vinyago vya wachongaji ndiyo aliyoyahamishia kwenye rangi.

Bi_Mikindani: Mwanangu, simu iache nyumbani. Nunua daftari lisilo na mistari, uje huku siku za bamvua, maji yakitoka. Akina mama wanashuka na vijiti kutafuta pweza. Usihangaike na picha nzima. Chora mgongo mmoja ulioinama, khanga ilivyokazwa kiunoni, na pembeni uandike rangi kwa maneno yako. Kisha urudi palepale jioni. Mimi mlango mmoja wa nyumba ya mawe nimeuchora mara kumi na moja. Mara ya tisa ndipo nikaona kizingiti kimelika upande mmoja tu, ule wanaokaa watoto. Picha yangu ikawa kizingiti, mlango nikauacha.

Mkorosho: Mimi mkulima tu, Tandahimba. Njoo Oktoba tukiokota korosho. Maji ya bibo yakidondokea shati, doa halitoki tena. Shati langu la shambani lina madoa ya misimu mitano. Natamani siku moja nilione kwenye picha.

Mwali_Lindi: Kaka, jando na unyago uliza kwanza. Sindimba inachezwa uwanjani, kila mtu anaiona. Ya ndani si ya turubai. Mpelekee bibi yako sukari, kaa, msikilize, na atakachokunyima usikichimbe. Halafu kuna Tendaguru, huku kwetu Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale 1909 hadi 1913, na kiunzi kimoja cha mifupa kimesimama makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Mifupa iliyofika bandarini Lindi ilibebwa na babu zetu, kwa miguu. Mimi nikiifikiria ile safari naona shingo za watu na mzigo juu yake. Waulize wazee wa vijiji vya kule walisimuliwa nini, ndipo uchore.

Brashi_Shangani: Jamani, asanteni sana. Hilo la wapagazi limenikosesha usingizi. Marehemu babu yangu alitokea upande huo na sikuwahi kumuuliza kitu. Dada yake yupo hai, nitamfuata mwisho wa mwezi. Bi Mikindani, bamvua ni lini? Na daftari liwe la karatasi nene?

Bi_Mikindani: Mwezi ukiandama, mwanangu, siku mbili tatu hizo. Karatasi yoyote. Penseli chukua mbili.