Bata wa Baikal mbali kabisa na kwao: mgeni wa kweli au katoroka bandani kwa mtu?

jicho_bwawani
Wakuu habari za humu. Naomba msaada wa wenye uzoefu maana nimechanganyikiwa. Kuna bwawa napitaga mara kwa mara kuangalia ndege, bata wa kawaida tu wa majira haya, sasa juzi napitisha darubini taratibu kwenye kundi nakutana na mmoja ambaye uso wake siyo wa wenzake kabisa. Shavu la njano iliyofifia, nyuma yake utepe wa kijani unaojikunja hadi shingoni, halafu kutoka kwenye jicho unashuka mstari mweusi mpaka kooni kama chozi lililochanganyika na wanja. Pembeni mwa kifua ana mstari mweupe uliosimama wima na mgongoni manyoya marefu yananing'inia. Nimefungua kitabu, nikafungua na apu, vyote vinaniambia bata dume wa Baikal, ambaye anazaliana Siberia ya mashariki na baridi ikiingia anashuka Korea, Japani na China. Kutoka huko mpaka hapa nilipo ni karibu bara zima, ramani ya kitabu upande huu haina hata nukta.

Nikamtumia picha jamaa mmoja wa siku nyingi kwenye mambo ya ndege, akajibu neno moja tu, "katoroka". Akimaanisha ni ndege wa kufugwa kachomoka kwa mwenyewe. Sasa maswali yangu, hivi mtu anatofautishaje bata mwitu aliyepotea njia na bata wa bandani aliyekimbia? Na la pili, lokesheni niitoe au nikae kimya? Sijaitaja kwa makusudi, msinune.

pete_na_ukucha
Kwanza hongera kwa kuangalia kundi zima bata mmoja mmoja, wengi wanapita juu juu wanahesabu wanaondoka. Huyo jamaa yako hajakosea kushuku lakini kakimbilia hukumu. Bata wa rangi za kuvutia wanafugwa sana na Baikal ni mmoja wao, kwa hiyo ushahidi lazima uutafute kwenye mwili wa ndege wala siyo kwenye hamu yako wala kwenye uvivu wake.

Anza na miguu. Akiwa majini huoni kitu, inabidi usubiri apande ukingoni kujisafisha au kujikuna, hapo piga picha nyingi mfululizo, utachambua baadaye. Tafuta pete, hasa zile za duara kamili zisizo na mwanya ambazo huvishwa kifaranga mguu ukiwa bado mdogo. Tafuta na kidole cha nyuma kama kipo, kwa sababu Marekani sheria inawataka wafugaji wa bata wa porini kuwatia alama na njia mojawapo inayokubalika ni kukata kidole cha nyuma cha mguu wa kulia. Kisha mabawa. Akijinyoosha au akiruka angalia kama yote mawili yanalingana, maana wafugaji wengine wanakata ncha ya bawa moja ili asiruke tena maisha yake yote, na manyoya ya ndege wa kwenye kizimba mara nyingi yamechakaa kwenye ncha kwa kujisugua na waya. Halafu tabia, anakimbilia watu wanaorusha mkate au wakisogea yeye ndo wa kwanza kuinua shingo?

Ila nikuonye mapema. Bata asiye na pete, ana vidole vyote na mabawa mazima, bado anaweza kuwa mtoro, kuna wafugaji hawaweki alama yoyote. Unachofanya hapo ni kupunguza uwezekano tu.

kozi_msafiri
Naongezea kwa @pete_na_ukucha. Huko Denmark mwaka 2005 alipigwa risasi bata wa Baikal na mabishano yalikuwa haya haya, mwitu au wa kufugwa. Wakachukua manyoya yake kwenda maabara kupima isotopu, yaani aina tofauti za atomi za elementi moja. Nyoya likishaota linabaki na alama ya maji na chakula cha mahali lilipoota, haibadiliki tena, na bata mchanga kama yule anakuwa na manyoya ya utotoni na mapya kwa wakati mmoja. Yale ya utotoni yakaendana na Siberia. Sasa kabla ya hapo Ulaya mtu akiripoti Baikal alikuwa anachekwa, baada ya hapo ikabidi watu wafungue tena mafaili ya zamani. Na hao bata siyo kwamba ni wachache kama tulivyokuwa tunasoma zamani, walishuka sana karne iliyopita lakini wamerudi, Korea Kusini wakati wa baridi wanaruka makundi ya malaki kwa malaki. Wakiwa wengi hivyo na waliopotea lazima waongezeke.

haraka_sana
Samahani mimi mgeni humu, nauliza tu kwa nia njema. Bata mmoja kapotea, si atakufa au atarudi kwao? Mnapagawa nini? 😂

kozi_msafiri
@haraka_sana swali zuri usiombe samahani. Chukua yangeyange, yule mweupe anayetembea na ng'ombe. Alikuwa ndege wa Afrika na maeneo ya Ulaya na Asia, mwishoni mwa karne ya 19 wachache wakavuka Atlantiki wakatokea kaskazini mwa Amerika Kusini, aliyewaona siku hiyo bila shaka aliambiwa amekosea. Kufika 1941 wako Florida, 1953 wameanza kutaga huko, leo wamejaa bara lile. Wengi wanaopotea ndo mwisho wao kweli, lakini wachache wanafungua njia, na huwezi kujua ni yupi mpaka mtu awe ameandika.

Mfano mwingine ni pipiti wa Richard, kandege kadogo ka nyasi ka Siberia ambako kawaida kanaenda kusini mwa Asia. Ulaya magharibi vikionekana watu walikuwa wanasema haya masikini yamepotea. Watafiti wakavifunga vifaa vidogo vya kurekodi safari vile vinavyokaa kusini mwa Ufaransa wakati wa baridi, matokeo yakatoka 2021, kumbe vinarudi Siberia kuzaliana na vinarejea tena Ufaransa kwa hiari yao. Hiyo siyo kupotea, ni njia mpya.

Na sababu za kupotea siyo moja. Kuna kichanga ambacho dira yake ya kuzaliwa imegeuka, badala ya kwenda kusini mashariki kinaenda magharibi kwa uhakika kabisa. Kuna dhoruba, Agosti 2023 kimbunga Idalia kiliwamwaga heroe wa ukanda wa Karibi mpaka Ohio, Pennsylvania na hata Wisconsin, watu wanaamka wanakuta heroe ziwani. Kuna usumaku wa dunia, watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, Marekani, walipitia rekodi zaidi ya milioni 2 za ndege waliokamatwa Amerika Kaskazini, mwaka 2023 wakatoa kwamba usumaku ukivurugika ndege wa kupotea wanaongezeka. Na kuna ambao hatujui wamepatwa na nini, kama yule tai wa Steller, tai mkubwa wa mdomo wa njano wa Kamchatka na bahari ya Okhotsk, aliyeonekana ndani kabisa ya Alaska 2020, Texas 2021, akapanda mashariki ya Kanada, Desemba hiyo akawa Massachusetts na Maine, baadaye Newfoundland. Walijua ni yule yule kwa kulinganisha mabaka meupe ya mabawa kwenye picha za watu mbalimbali ambao wala hawajuani. Picha za watu wa kawaida kabisa.

mzee_wa_matete
Vijana mmeongea vizuri, mimi naomba nijibu hilo la lokesheni maana naona mnalikwepa. USITOE kwanza. Nimeshaona hili jambo likiharibika. Ndege kachoka kavuka nusu ya dunia, anachohitaji ni kula na kulala, halafu wanakuja watu na makamera wanamzunguka pande zote, mmoja anacheza sauti ya jike kwenye simu, mwingine anarusha jiwe ili aruke apate picha ya mabawa. Ndiyo, jiwe, kwa macho yangu. Bata anayeamshwa kila baada ya dakika chache hapati kula, na asipokula hana mafuta ya kuondoka nayo. Bundi ndo usiseme, kuna wanaomrushia panya hai ili wapige picha yake akishuka.

Na hilo bwawa ni la nani? Kama ni la mtu binafsi ukitangaza bila kumuuliza kesho watu wameruka uzio, na wewe hutakanyaga hapo tena.

sululu_mdadisi
Shikamoo mzee, kwa heshima nakupinga kidogo. Ndege akifichwa mpaka aondoke hakuna wa pili wa kumthibitisha, na hapo ndo maneno ya "katoroka" na "umeota" yanashinda. Isitoshe watu wakija kumuona mmoja wanakagua eneo zima wanaibua na wengine, Wamarekani wana kisa chao maarufu cha kituo cha mapumziko barabarani karibu na Patagonia, Arizona, kila aliyekuja kuona ndege adimu mmoja alikuwa anakuta mwingine.

pete_na_ukucha
@sululu_mdadisi hicho kisa nakipenda lakini watafiti wa Oregon State University walikipima kwa data za eBird, ile tovuti ya kurekodi ndege walioonekana, wakakuta haiko hivyo, watu wanaongezeka ndiyo, ila ndege adimu wapya hawaongezeki kuliko kawaida. Kwenye uthibitisho nakuunga mkono. Njia ya kati ipo, peleka shahidi mmoja au wawili unaowaamini kimya kimya. Orodha ya eBird unaweza kuificha isionekane na umma kwa muda na bado rekodi ikabaki.

jicho_bwawani
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilikaa kwenye matete asubuhi sana, nikamngoja. Alipanda kwenye tope pembeni ya bata wengine, akajikuna kichwa na mguu wa kulia, nina picha nne ambazo kidole cha nyuma kinaonekana wazi kabisa, ukucha na yote. Pete hakuna miguu yote miwili. Baadaye akajinyoosha bawa moja moja jinsi bata wanavyofanya, mguu na bawa la upande mmoja kwa pamoja, manyoya ya kuruka yametimia pande zote na ncha zake safi, lile baka la bawani ni la kijani lenye ukingo wa rangi ya mdalasini juu na mweupe chini. Mbwa wa mtu alipotokea upande wa pili yeye ndo alikuwa wa kwanza kuruka, wale wengine wakamfuata. Hajapata habari ya mkate huyu.

Bwawa lina mwenyewe, nimeongea naye. Hana shida ila anataka watu wakae upande wa njia tu na magari yasizibe lango lake. Kwa hiyo nifanyeje na hizi picha?

pete_na_ukucha
Safi sana, hasa hiyo ya kuruka mbele ya wenzake. Sasa andika maelezo LEO kabla hujaangalia kitabu tena, kwa sababu ukishasoma kitabu kumbukumbu yako inaanza kukopa. Andika mwanga ulikuwa unatoka wapi, ulikuwa umbali gani, alikuwa na bata gani, ulitumia darubini gani, na ueleze kwa nini siyo chotara. Chotara wa bata wako wengi na wengine wanabeba mistari ya usoni inayofanana na ya Baikal, kwa hiyo ule mstari mweupe wa kifuani na hilo baka la bawa uyaweke mbele. Picha peleka kama zilivyotoka kwenye kamera, usikate wala usiongeze rangi, kamati zinazohakiki rekodi za ndege adimu zinataka faili lenye tarehe yake.

Na usichukie wakikuhoji sana. Uingereza wana kamati ya ndege adimu tangu 1959, na mwaka 1962 ilibidi wafute mamia ya rekodi za eneo la Hastings zilizokuwa zinaaminika kwa miongo, kwa sababu ilionekana ndege wengi walikuwa wameingizwa kutoka nje na kuuzwa kama wamepatikana pale pale. Tangu hapo mtu akileta ajabu anaulizwa maswali, na wanaohakiki wengi wanajitolea hawalipwi.

haraka_sana
Ngoja, sasa wakikubali inaandikwa mwitu moja kwa moja?

pete_na_ukucha
Siyo lazima. Wanaweza kusema ndiyo ni bata wa Baikal lakini asili yake haijulikani, hayo ni maamuzi mawili tofauti. Kitambulisho kinapita, asili inabaki kiporo, na miaka mingi baadaye ikitokea wengine wanaofanana naye msimu huo huo wanairudia.

mzee_wa_matete
Kama mwenye bwawa karidhia na watu watakaa njiani, mimi sina kinyongo. Weka sharti lake juu kabisa ya tangazo, siyo chini, hakuna anayesoma mpaka chini. Na sauti za simu marufuku.

jicho_bwawani
Nimeelewa mzee, shikamoo. Maelezo nimeshaandika, picha nimepeleka ghafi, kesho nakuja na mashahidi wawili na mwenye bwawa anajua. Tangazo nitaliweka jioni baada ya wao kuondoka, sharti la lango mstari wa kwanza. @sululu_mdadisi kama una lenzi ndefu nitafute pembeni, picha ya bawa la kushoto bado sijaipata vizuri.

sululu_mdadisi
Niko tayari, nimekutumia ujumbe.