"Shemeji, mafuta yapo?" Huyu fundi vioo tutamvumilia mpaka lini?

Wakuu, naandika suruali ikiwa imelowa mpaka magotini, na sebuleni bado tunakamua zulia. Jina simtaji, hakuna haja. Mwanza nzima mnamjua: yule wa vioo na aluminiamu, ukimpigia anakwambia "nimeshafika bosi, nipo getini", na nyuma yake unamsikia konda anaita abiria wa Magu. Huyo huyo.

Leo asubuhi kasimama sebuleni kwangu, kanyanyua furu wangu, samaki wa kufuga wa ziwani, kwa mkia, kamgeukia mke wangu na kusema: "Shemeji, mafuta yapo?"

Mafuta yapo!

Nimejenga tangi la samaki, wakuu. Siyo lile la kuweka juu ya kabati pembeni ya redio. Mita 3 urefu, sentimita 80 upana, sentimita 80 kimo. Ni lita 1,920, na lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake yanakaribia tani 2, mawe sijahesabu. Stendi ya skwea paipu nimechomelea mwenyewe. Nimeweka pima maji kila kona, nimetandika povu chini ya kioo cha kitako ili hata punje ya mchanga isipate pa kukandamizia. Pampu, chujio, mabomba ya kurudishia maji, yote mikono yangu. Yeye nilimwachia kitu kimoja tu, vioo. Nikamwambia milimita 19, akaitikia "sawa bosi", akachukua advansi. Siku ya kufunga kaja na gundi ya silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya ukungu. Dawa hiyo inaua samaki! Nikamrudishia, nikanunua ya kwangu. Kingo zote akazifunika kwa aluminiamu, "ili ipendeze bosi".

Usiku wa kuamkia leo kioo cha mbele kimepasuka kona hadi kona. Mlio huo nadhani Ukerewe wameusikia. Tunakaa mlimani, kwa hiyo ndala za watoto tumezikuta kwa jirani wa chini, na yeye ndoo yake imekutwa na konokono wangu wawili. Nikang'oa aluminiamu, nikaweka futi kwenye kingo. Milimita 10. Kumi!

Maji yakisimama sentimita 80, kioo cha mita 3 kinasukumwa kwa uzito wa karibu tani nzima. Nilimweleza hilo siku ya kwanza. Akanijibu: "Bosi, maji hayana nguvu, hayo ni maji tu." Mtu kazaliwa kandokando ya ziwa!

Basi kaja leo. Pole hakuna. Kijiti mdomoni. Mke wangu kapiga magoti anaokota samaki anatia kwenye beseni, na mimi nahamisha jike ambaye ana mayai mdomoni, maana hawa hulelea mayai mdomoni, ukimshtua sana anayatema. Na yeye ndiyo akainama, akamchukua dume langu kubwa, jekundu mgongoni, njano ubavuni na michirizi myeusi, akamning'iniza kama soksi: "Shemeji, mafuta yapo?"

Huyo furu anabeba jina la Mwalimu Nyerere, wakuu. Pundamilia nyererei, hilo la nyererei wanasayansi walimpa mwaka 1985, na ni wa mawe ya visiwa vyetu hivi hivi. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, ilipofika miaka ya 1980 kashafagia furu aina kwa aina, nyingine hazijaonekana tena. Mimi nataka wanangu wawaone hawa wakiwa hai, nyumbani kwao. Halafu mtu anauliza mafuta, tena anamuuliza mke wangu, tena kwa sauti! Na kabla hajatoka akakumbushia hela yake iliyobaki.

Nawauliza, huyu mtu ni wa kuachwa hivi hivi?

Mwana Buhongwa: Pole sana mkuu. Ila umetuacha njiani. Mafuta yalikuwepo au hayakuwepo?

Mleta mada: Siyo mahali pa utani. Dume lipo kwenye ndoo, linahema kwa shida.

Chuma Chakavu: Hesabu ya msukumo iko sahihi. Wanaobisha: cha kuangalia ni kimo cha maji na urefu wa kioo, hata kama nyuma yake kuna lita 500 au 5,000. Ila juu alikuwekea mikanda ya kioo ya kuzuia kutanuka?

Mleta mada: Alisema inaziba mwanga.

Chuma Chakavu: Mungu wangu.

Binti Ukerewe: Namjua huyo! Kanifungia dirisha la jikoni, halifunguki mpaka kesho. Nikamlalamikia, akasema "dada, basi hata mwizi hataweza". Natoka nje kupumua nikipika maharage.

Babu wa Mkuyuni: Mwanangu, ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800 liko hapo mlangoni, bure, halivuji. Wewe unajenga la pili sebuleni kwa nini?

Mleta mada: Mzee wangu shikamoo. La mlangoni lina sangara.

Mzee wa Mapanki: Hapo kwenye sangara tutagombana. Sangara kanisomesha mimi na wadogo zangu wote. Wewe furu wako kamsomesha nani?

Binti Ukerewe: Wenye viwanda wakachukua minofu, mabondo, vile vibofu vya tumboni, yakaenda China, nyie mkabaki na vichwa na mifupa. Hongereni.

Mzee wa Mapanki: Panki likaangwe vizuri halafu uje useme hivyo hivyo.

Mwana Buhongwa: Likaangwe kwa mafuta yapi? Shemeji, yapo?

Mleta mada: Jamani! Nimesema alitamka hivyo MBELE YA MKE WANGU. Kamshika kwa mkia. Hakuna anayeona hilo?

Mama Wawili Nyegezi: Tunaona baba, pole. Lakini wewe umelowa zulia tu. Mimi fundi cherehani kanishonea sare ya harusi ya mdogo wangu, mkono mmoja mrefu mwingine mfupi, naambiwa "ndiyo fasheni". Picha zote nimekunja mkono kama nina jipu.

Chuma Chakavu: Mleta mada, ukijenga tena usimwachie mtu kingo. Pima kioo dukani, kabla hakijapanda pikipiki. Silikoni ile inayonuka siki, isiyo na dawa, na uiache ikauke siku nyingi kabla ya maji. Halafu jaza nje kwanza, uangalie.

Mleta mada: Wabeja, asante mkuu. Wewe peke yako umenisikia.

Babu wa Mkuyuni: Mimi nina fundi bati. Alipaua nyumba, mvua ikinyesha ndani inanyesha kuliko nje.

Mama Wawili Nyegezi: Babu, huyo si mdogo wake huyu wa vioo?

Babu wa Mkuyuni: Ndiye!

Mwana Buhongwa: Ukoo mzima ni wa kuvujisha.

Mzee wa Mapanki: Turudi kwenye hoja. Mafuta yamepanda, wengine tumehamia dagaa. Unawatupia chumvi, unawakaanga kwenye mafuta yao wenyewe, nyanya baadaye.

Binti Ukerewe: Dagaa gani, hao wa kuanikwa mchangani? Ukila meno yanalia. Kwetu tunaanika kwenye chanja.

Mama Wawili Nyegezi: Weee, wa chanja unao? Mimi nataka wa kupeleka Dodoma.

Mleta mada: Kwa hiyo hakuna wa kwenda na mimi kumwambia huyu mtu ukweli?

Binti Ukerewe: Ninao mama, wakavu kabisa. Debe au sado?

Mama Wawili Nyegezi: Debe. Kirumba utakuja lini?