Ala ya bastola ya marehemu babu: ni ya Mjerumani au ya Mwingereza, na niitunze vipi?

Mjukuu wa Mkunazini

Assalamu alaykum. Nimerithi kwa marehemu babu yangu ala ya bastola ya ngozi, tupu, kwani bastola yenyewe hakuna mtu aliye hai katika ukoo wetu aliyewahi kuiona. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao, imezongwa kanga kuukuu, kwa miaka isiyopungua hamsini. Hadithi yake kila mtoto wa nyumba yetu anaijua: babu alichukuliwa kwenda Bara kuwabebea mizigo Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ala hii, ambayo ilikuwa ya baharia wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishambulia na kuizamisha Pegasus, manowari ya Kiingereza, hapa bandarini kwetu Unguja tarehe 20 Septemba 1914.

Ngozi ni ya kahawia iliyokoza, urefu wake kiasi cha sentimita 29, na karibu na kifuniko imetuna kama kwamba kitu cha mviringo kilikaa humo muda mrefu. Kifungo ni cha shaba ya njano, na pembezoni mwake pana kitu cha kijani kinachonata mfano wa nta. Naomba kujua kama hadithi hiyo yawezekana, kama ni sawa kuipaka ngozi mafuta ya nazi kama nilivyoshauriwa na jirani, na kama naweza kutafuta bastola ya zama zile nikaiweka ndani, kwa sababu inanisikitisha kuiona tupu.

Fundi wa Wete

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mimi ni mshonaji wa makubadhi na mikanda, basi nitajibu la ngozi tu. Tafadhali usipake mafuta ya nazi, wala mafuta mengine yoyote. Ngozi kongwe ikishayanywa mafuta haiyatoi tena: inakuwa nyeusi, mafuta yanachacha humo ndani, na masika yakiingia koga inaota hata kwenye matundu ya sindano. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niliupaka mkanda wa zamani wa mteja mafuta ya nazi kwa nia njema kabisa. Ulipendeza kwa mwezi mmoja, kisha ukalainika hadi nyuzi zikaachia, na mpaka leo nikiukumbuka naona uchungu.

Hicho kijani unachokiona kinatokana na mafuta yaliyomo katika ngozi kukutana na shaba ya kifungo, kwa hiyo ukiongeza mafuta unakilisha. Chonga kijiti cha chelewa, ukikwangue taratibu, na kila mara ufute kijiti kwa kitambaa kikavu. Usitumie sindano wala kisu, kwa sababu shaba itachubuka na ngozi iliyo chini yake ni laini kuliko unavyodhani. Halafu pitisha kidole pembezoni mwa kifuniko: ukiona unga mwekundu kidoleni, ngozi imeanza kuoza kwa asidi, na hali hiyo haiponi, inacheleweshwa tu kwa kutoishikashika.

Ijaze bafta safi iliyofuliwa bila ya kutiwa rangi ili isibonyee, wala usijaze magazeti. Usiitie katika mfuko wa nailoni, na kabati usiliegemeze ukutani, kwani kuta zetu za mawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole kwa miezi.

Mkusanyaji wa Shangani

Kwa upande wa hadithi, naomba tuanze na ngozi, kisha ndio tuje kwa babu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jeshi la majini la Ujerumani lilichukua bastola ya Luger mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu likafuata mwaka 1908. Luger ni bapa, haina silinda, yaani kile kiduara cha risasi kinachozunguka. Ala yake ya kijeshi kwa kawaida ina mfuko wa magazini (chombo cha risasi) ya akiba ukingoni mwa mbele, kijifuko cha kifaa ndani ya kifuniko, na hufungwa kwa ukanda wenye bizimu. Yako imetuna kwa silinda na ina kifungo cha shaba. Ni kweli kwamba mabaharia wa Königsberg walijiunga na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, baada ya manowari yao kuangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi wa Julai 1915, hivyo si muhali vitu vyao kufika mikononi mwa wapagazi, lakini umbo hili halinielekezi kwao.

La bastola nakuomba usiliendee. Marekani sheria huziita za kale silaha zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1899, na wauzaji wa huko huandika hivyo kama kwamba ni ruhusa ya dunia nzima. Kwetu silaha ya moto inahitaji leseni, na uzee wake si kibali. Hata kama ungekuwa na leseni, bastola haihifadhiwi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi huvuta unyevu, na asidi iliyobakia katika kudabaghiwa kwake hula chuma. Mimi nakusanya ala peke yake mwaka wa kumi na tisa huu, na sijawahi kuiona ala tupu kuwa ni kitu pungufu.

Mtafiti Kilimani

Naongeza jambo moja. Kutuna kwa silinda peke yake hakutoshi, kwa sababu Wajerumani nao walikuwa na bastola za silinda, za mwaka 1879 na 1883, na baadhi zilitumika mpaka vita hivyo. Tafuta mihuri iliyogandamizwa, nyuma ya ala na chini ya kifuniko. Zima taa, ulaze tochi ubavuni mwa ngozi ili mwanga upite juu juu. Herufi zilizofifia zitatupa kivuli.

Mjukuu wa Mkunazini

Nimefanya hivyo jana baada ya sala ya Isha. Chini ya kifuniko umejitokeza mshale mfupi wenye mistari mitatu inayokutana juu, na chini yake tarakimu 1916. Jina lililokuwepo halisomeki. Unga mwekundu upo, kidogo, kwenye mkunjo.

Mkusanyaji wa Shangani

Basi suala limekwisha, kaka. Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Usingeuona, tungebaki na shaka, kwani maofisa wao wengi walijinunulia bastola na ala kwa fedha zao, na hizo hazina mshale. Mwaka 1916 unaoana na Webley ya Mark VI, bastola ya silinda ya Kiingereza iliyoanza kutumika 1915, yenye mtutu wa inchi 6 na urefu wa kiasi cha sentimita 28 na nusu. Andika karatasi mbili tofauti: moja iwe na kilichogandamizwa kwenye ngozi, na ya pili kilichosemwa na ukoo, pamoja na jina la aliyekisema. Usizichanganye.

Mjukuu wa Mkunazini

Nashukuru sana nyote. Kwa ajili ya karatasi ya pili nilikwenda kumuuliza shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 84, naye akanambia kwamba babu hakuitaja Königsberg hata siku moja. Aliyeanza kuitaja ni ami yangu, barazani. Babu alisema tu kwamba alipewa na bwana aliyekuwa akimbebea mizigo, bwana huyo alipokuwa mgonjwa wa homa. Humo ndani, anasema shangazi, ndimo alimokuwa akiweka hati ya shamba lake la mikarafuu, ameikunja mara nne, na ninapoitazama ile bafta niliyoijaza naona bitana bado ina mkunjo wa pembe nne.