Mara 64 kliniki ya sukari, hakuna hata siku moja waliyomwambia mama avue viatu

Wandugu, leo sina salamu ndefu. Naandika nikiwa nimeketi juu ya ndoo niliyoigeuza, kando ya kitanda cha mama, hapa Ndosho, mjini Goma. Umeme umekatika, simu imebaki asilimia 31, na betri itaisha kabla ya hasira yangu.

Mama ana miaka 71. Sukari yake ilionekana 2019, tansiyo (presha) ilimwanza zamani zaidi. Tangu hapo anaenda kliniki kila mwezi, hakosi labda mji uwe umefungwa. Jana usiku nilichukua kijitabu chake nikahesabu mihuri: 64. Mara 64 amepanga foleni tangu saa 12 asubuhi, amefungwa kile kitambaa cha tansiyo mkononi, amechomwa kidole, namba imeandikwa, amepewa vidonge vyake vya sukari vya metformini na swali lile lile: "Mama, unapunguzaka bugali?" Anajibu anapunguza. (Hapunguzi, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.)

Mara 64, na hakuna aliyemwambia: mama, vua viatu tuone.

Jumapili ya juzi alitoka misa, akapita sebuleni, nikaona alama za maji kwenye sementi. Alama ya mguu mmoja tu, wa kushoto. Nikadhani amekanyaga dimbwi, ila mvua haikuwa imenyesha. Nikamketisha, nikamvua kiatu. Soksi ikagoma kutoka. Ilikuwa imegandamana na nyama. Nikailowesha, nikaivuta polepole, na chini ya kidole gumba nikakuta tundu ambalo punje ya mahindi ingekaa vizuri. Pembeni ukucha umekuwa mweusi. Harufu sisemi. Na mama ananitazama tu, kisha ananiuliza: "Kwani kuna kitu?"

Mngesikia alivyouliza! Kama mtu anayeulizia kelele za barabarani.

Sasa najua wengi mtakimbilia kumtukana kijana wa verni, yule anayepita mitaani kukata makucha na kuyapaka rangi. Hata mimi nilianza na huyo huyo. Wiki mbili kabla, alipita barabarani akigonganisha vichupa vyake kling-kling-kling, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwita. Nililipa franga elfu mbili, miguu yote, kukata na kusugua. Kijana wa miaka 17 hivi, kikapu cha plastiki, vichupa vya rangi vimepangwa kama askari, pamba, mkasi, na nusu ya wembe iliyochomekwa kwenye ganda la kalamu ya biki ili apate pa kushikia. Akaomba beseni na sabuni ya unga. Akasugua visigino kwa jiwe la volkano (hapa Goma jiwe la kusugua hununui, unainama tu unaliokota uani). Halafu akaanza kuchonga ile sugu iliyo chini ya kidole gumba, safu kwa safu, kama anamenya muhogo.

Nilikuwa nimesimama pale pale nachambua sombe, majani ya muhogo. Nakumbuka alisimamisha mkono mara tatu. "Koko (yaani bibi), iko inauma?" Mama: "Hapana, endelea." Tena: "Koko, unasikia?" Mama: "Endelea tu, mtoto yangu." Na mimi nikajisemea moyoni, kumbe kijana ana mkono mwepesi.

Huyo mtoto alimwuliza mama kama anasikia. Mtoto wa barabarani, hajafika chuo chochote, aliuliza swali ambalo kliniki haijauliza mara 64. Hakujua tu kwamba jibu la "hapana" kwa mgonjwa wa sukari ndilo jibu baya. Nani angemwambia? Mimi mwenyewe sikujua.

Tulipopeleka kidonda kwenye kliniki yetu, yule mama aliyekuwa mezani akakunja uso, akasema tumechelewa, akatuuliza kwa nini tumemwacha mzee akatwe na watu wa njiani. Nikamwuliza, basi nyinyi mngemkata? Akanijibu, na haya ni maneno yake: "Siye hatukatake makucha hapa. Muende kwa ba verni." Nikamwomba arudie. Akarudia! Hakuona hata kidogo kwamba sentensi ya pili imekula ya kwanza.

Basi mguu ni wa nani? Hospitali inasema makucha ni urembo. Saluni inasema kidonda ni cha hospitali. Katikati yupo mzee wa miaka 71 asiyeweza kuinama, macho yake hayaoni tena hata tundu la sindano, makucha yamekuwa mazito kama pembe kwa sababu ya umri, na kuna mtu anapita na wembe wa franga elfu mbili. Atamwita nani?

Tukaenda hospitali nyingine. Daktari mzee kidogo, amechoka, koti limechanika mfukoni. Kabla ya kugusa kidonda akamwambia mama afumbe macho. Akamgusa ncha ya kidole gumba kwa kidole chake cha shahada, taratibu, kama sekunde moja. Halafu kidole cha kati. Halafu kidogo cha mwisho. Mguu wa pili vile vile. Migusano sita. "Mama, sema ndiyo ukisikia." Mama alisema ndiyo mara moja tu. Daktari akanigeukia: akikosa miwili kati ya sita, tayari huo ni mguu wa hatari. Yeye amekosa mitano.

Haikufika dakika. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna mfadhili. Kidole tu! Kipimo hicho kinajulikana, kilitengenezwa Ipswich huko Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote. Na kipo kingine cha kauzi ka plastiki kanakojipinda kakibonyezwa kwa uzito wa gramu 10, nacho si kitu cha kuuza shamba. Miongozo ya dunia nzima juu ya mguu wa mgonjwa wa sukari inasema kila mwenye sukari akaguliwe miguu angalau mara moja kwa mwaka. Mara moja! Sisi tumeenda 64. Kwa hiyo msiniambie habari ya vita, msiniambie habari ya ukosefu wa vifaa. Mimi pia naishi Goma, naijua hiyo wimbo. Kidole cha shahada hakijawahi kukosekana sokoni.

Alinieleza vizuri, nami nawapa bure. Sukari ikikaa juu miaka mingi, inaua mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu kuliko yote. Ndiyo maana vidole vya miguu vinakufa ganzi kwanza. Mishipa ya damu nayo inabana, kwa hiyo kidonda kinakosa chakula na hakifungi. Sugu ndiyo inatudanganya zaidi: tunaiona kama ngozi iliyokomaa, kumbe kwa mguu wa ganzi inabonyeza nyama ya ndani kila hatua kama kokoto ndani ya kiatu, na kidonda kinaweza kuwa kinajichimba chini yake wewe huoni. Kuiondoa ni lazima, lakini aiondoe mtu aliyesomea, na chombo safi. Tukikiacha, vijidudu vinafika kwenye mfupa, na mfupa ukishaoza mnaanza kuongea juu ya msumeno.

Fikirieni na mji wenyewe. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, na mpaka leo tunajenga juu yake, ua wa nyumba ni mawe meusi yenye makali. Mama anatoka peku kwenda kuanika nguo. Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na watu wakaambiwa wahame, alitembea kwa ndara za plastiki mpaka Sake, zaidi ya kilomita 20. Aliporudi alilalamikia mgongo na magoti. Miguu hakuilalamikia kabisa, tukamsifu eti mzee ana miguu ya chuma. Jamani. Ilikuwa imeshakufa ganzi.

Na usafi? Sisi ndio watu wa Goma tulionawa klori mpaka ngozi ikabanduka. Julai 2019 Ebola ilipoingia mjini, kila mlango ulikuwa na ndoo za klori: ya asilimia 0.05 kwa mikono, ya asilimia 0.5 kwa vitu. Mtoto wa shule ya msingi alikuwa anazijua hizo namba. Leo ule wembe ndani ya ganda la biki unatoka mguu huu unaingia mguu ule, unapanguswa kwa pamba yenye asetoni basi. Asetoni ni ya kutoa rangi, si ya kusafisha wembe. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili na bado vikaambukiza. Niliingia pia saluni moja kubwa ya mjini, ya vioo na muziki, bei dola, nikadhani huko ni tofauti. Beseni moja, maji yale yale, wanawake wawili wanasubiri zamu. Nikatoka.

NYONGEZA, saa 3 usiku. Naona maswali yenu chini ya andiko hili, najibu haraka kabla simu haijazima.

Kaka uliyesema bibi zetu walikatwa makucha kwa wembe na hawakufa: bibi zetu walikuwa wanasikia wembe. Walipiga kelele, mkono ukasimama.

Anayeomba jina la kliniki, sitaitaja. Naamini ukienda ya kwenu leo na viatu vyako, utarudi navyo.

Dada mwenye baba wa miaka 80 asiye na sukari: bado angalia. Mkate akitoka kuoga, ukucha umelainika, kidogo kidogo, kwa mstari ulionyooka, usichimbe pembeni, usikate mpaka kwenye nyama. Kona zenye ncha zipige tupa. Akiwa anakunywa dawa za kulainisha damu, jeraha dogo tu linatoka damu muda mrefu. Ukucha ukiwa mzito sana au umeingia ndani ya nyama, usilazimishe. Kazi hiyo ni ya daktari.

Aliyeshauri ile dawa ya maji ya kuunguza sugu inayouzwa sokoni Virunga: TAFADHALI HAPANA. Ni asidi. Mguu wa ganzi hautakwambia imefika wapi.

Sisi nyumbani tumebadilisha hivi. Mama ana kikata kucha chake na tupa yake kwenye kopo la maziwa, hakuna anayegusa, hata mimi. Maji ya kumnawisha napima kwa kiwiko changu, yeye asipime, maana zamani alikuwa anachovya mguu na kusema "ni ya baridi" huku mvuke unatoka. Kuota miguu kwenye mbabula (jiko la makaa) usiku, marufuku, tumegombana siku tatu. Kati ya vidole nakausha kwa kitambaa. Mafuta napaka visigino na juu, kati ya vidole sipaki. Kila jioni nakalisha kioo sakafuni chini ya unyayo, natazama. Na kabla hajavaa kiatu naingiza mkono ndani. Juzi nilitoa kipande cha jiwe la lava kama jino la mtoto. Alikuwa ameshatembea nacho mpaka kwa jirani na kurudi.

Kijana wa verni amepita leo saa kumi. Nilimwita. Aliogopa, alidhani nataka kumpiga, majirani walishamsimulia. Nikamwonyesha ile migusano sita kwenye miguu yangu mimi, akafumba macho yeye, sijui kwa nini, tukacheka. Nikamwambia mteja mwenye sukari ama mzee asiyesikia, achana na wembe, na umwambie avue soksi nyumbani awaonyeshe wanawe. Akaniuliza kama atapoteza pesa. Nikamjibu ndiyo, atapoteza. Akafikiri kidogo, akaondoka akigonga vichupa vyake.

Kidole cha mama kipo bado. Daktari amesema tusubiri wiki mbili, asiukanyagie, kidonda kifungwe upya kila baada ya siku moja, na kila kufunga ni pesa.

Ijumaa ni mara ya 65. Tutaenda na pikipiki, nimemkataza kuvaa soksi. Tukifika pale mezani, kabla hawajashika hiyo mashine yao ya tansiyo, huo mguu naupandisha juu ya kiti, na foleni nzima itusubiri.