Mafundi wa urembo wa majengo Dar: mnatufungia plastiki ukutani, halafu nyuma yake mnapitisha umeme!

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Tuna jengo la familia Upanga, ghorofa tatu. Chini maduka, juu wapangaji na watoto wao. Plasta ilishaanza kubanduka, tukakubaliana na ndugu zangu tulivalishe paneli za aluminiamu mbele na taa za urembo, lifanane na majirani. Mkandarasi akaleta kotesheni yenye muhuri: paneli za milimita 4, bati la nusu milimita kila upande, katikati tabaka la kuzuia moto. Taa za mkanda za nje, IP65, yaani zinazohimili mvua. Advansi akabeba.

Masika imeingia, taa za upande wa baharini zote zimekufa, zilizobaki zinapepesa kama disko la uchochoroni. Mvua ikinyesha tu, breka inaruka. Nikaita fundi umeme mwingine afungue paneli moja tuone. Jamani! Mkanda wenyewe ni IP20, wa kuweka sebuleni, maji hauyawezi hata kidogo. Transfoma inaning'inia kwa waya wake, viungio vimezungushiwa tepu nyeusi basi, na maji yametuama ndani ya skwea paipu zinazoshikilia paneli. Skrubu ni za chuma cha kawaida. Kwa upepo ule wa chumvi zimeshaoza, michirizi ya kutu imeshuka mpaka kwenye kibao cha duka la dawa.

Lakini hilo la taa ni dogo. Kulikuwa na vipande walivyokata na grinda wakaviacha uani. Nimepima kimoja: milimita 3. Katikati plastiki nyeusi tupu. Nikakisogezea kiberiti pembeni, kikashika, kikaanza kudondosha matone yanayowaka hadi chini kwenye sakafu. Hicho ndicho kimezunguka madirisha ya watu waliolala!

Nikampigia mkandarasi. Anajibu bila hata aibu, "Bosi, mjini hapa wote wanafunga hizohizo."

Wote wakina nani? Grenfell Tower, London, ukarabati uliisha 2016, wakavalisha paneli zenye plastiki ya polithini katikati. Juni 14, 2017 friji ya mpangaji mmoja ikawaka, moto ukatoka dirishani ukapanda ukutani, watu 72 wakafa. Na asije mtu kuniambia hayo ya Ulaya. Dubai, ambako vifaa vingi vya Kariakoo vinapitia, hoteli ya Address Downtown iliwaka mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 2015. Polisi wao walisema chanzo ni shoti kwenye nyaya za taa ya kumulika jengo. Taa ya urembo, wakuu! Mimi nina mkanda mzima wa taa hizo, umelowa, umelala juu ya plastiki.

Umeme wa nje nimeuzima wote. Wapangaji wa maduka wananilalamikia vibao vyao vina giza, na wana haki.

Juzi mkandarasi katuma kijana na bomba la silikoni "azibe panapovuja". Nimemgeuzia getini. Salio lenu ninalo na halitoki hata shilingi mpaka paneli zote zishuke na zije zilizoandikwa kwenye kotesheni, na kabla hazijapanda mirunda nitachagua moja mwenyewe, nitaikata na kuiwasha mbele yenu. Mwenye fundi anayekubali sharti hilo aje PM.